Maandishi ya tatu ya Kasongo

Matokeo ya Mtihani wa Serikali, ule ambao kila mtu nchini Kongo anauita Exetat, yanapotangazwa, mtahiniwa wa Kasongo, mji wa Maniema ya kusini, hangoji karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa shule. Anatuma ujumbe mfupi wenye nambari yake kwa kampuni ya simu, inite za simu zinakatwa, jibu linarudi: amefaulu au ameanguka, na asilimia zake. Asiye na simu anaazima ya mjomba. Asiyejua kutuma ujumbe huo anampa nambari yake kijana wa kibanda cha kuchaji simu, na kijana huyo anakuwa mtu wa kwanza mjini kujua kama binti wa fulani atakwenda chuo kikuu. Miaka yote ya masomo, tangu msingi hadi sekondari, inamalizikia kwenye kifaa ambacho shule haikumfundisha mwanafunzi namna ya kukitumia.

Wiki chache kabla ya mtihani, simu hiyo hiyo ilikuwa imemletea jaribu. Kila msimu wa Exetat huzuka makundi ya WhatsApp yanayouza majibu. Mwanafunzi anaambiwa atume pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, na usiku wa kuamkia mtihani atapokea herufi zote, swali kwa swali. Wizara huonya, wakaguzi huonya, na bado pesa hutumwa. Anayelaghaiwa si lazima awe mvivu. Mara nyingi ni mtoto aliyelelewa kuamini kwamba maandishi ni kitu kizito, na kwamba kilichoandikwa kimeandikwa na mtu mwenye mamlaka. Kitabu cha shule kilimfundisha hivyo, na kwa kitabu cha shule ilikuwa kweli.

Tukianza kuzungumza juu ya stadi za kidijitali kwa watoto wa Maniema ya kusini, maneno hukimbilia kompyuta. Zitatoka wapi, zitawekwa chumba gani, sola italetwa na mfadhili yupi, nani atalinda mlango usiku. Maswali hayo ni ya haki, lakini yanaahirisha kazi. Nchini Kongo umeme unamfikia takriban mtu mmoja kati ya watano, na vijijini karibu hakuna. Simu haikuungoja umeme huo. Ilifika Kasongo ikachajiwa kwa paneli ndogo juu ya paa la bati, ikavuka hadi eneo jirani la Kabambare kwa pikipiki na baiskeli, ikapanda vilima ambako watu hukusanyika jioni kutafuta mtandao. Imo majumbani tayari, na watoto wanaishika kila siku bila mwalimu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Watoto wa Kasongo na Kabambare wafundishwe sasa, kwa Kiswahili, kwa simu zilizopo, na somo la kwanza liwe kusoma na kupima kilichosomwa. Kompyuta zije zikija. Tukizingoja, kizazi kizima kitazeeka nje ya maandishi mapya, na mji wa Kasongo unajua hasara ya jambo hilo kuliko miji mingi ya Kongo, kwa sababu lilishaupata.

Kasongo ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule mfanyabiashara Tippu Tip, ilikuwa mji wa barua. Misafara iliyokwenda Ujiji, Tabora na pwani ilibeba, pamoja na mizigo, karatasi zilizokunjwa zenye hesabu, maagizo, madai na salamu, zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara kwa Kiarabu, mara kwa Kiswahili. Uzeeni kwake Unguja, Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na kwa herufi hizo hizo, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip mwenyewe alifariki mwaka 1905. Kitabu chake ni moja kati ya tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu, na sehemu kubwa ya yaliyomo ilitokea katika nchi hii ya mto Lualaba.

Enzi hiyo hatuna haja ya kuipamba. Barua nyingi kati ya hizo zilihesabu pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe likiwa limejaa akina mama waliovuka mto kuja kuuza bidhaa zao, watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya umati. Mamia walikufa, wengi wao wakizama Lualaba. David Livingstone alikuwapo, akaandika aliyoyaona. Lakini pamoja na uovu huo kulikuwa na kitu ambacho watoto wa nchi walikipata: chuo cha Kurani, ubao, wino, na ujuzi wa kuandika neno la Kiswahili ili mtu aliye mbali alisome. Wakusu, Wazimba na Wabangubangu waliosilimu waliingia katika ujuzi huo, na wengine wakawa walimu wenyewe.

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo, liliingia Kasongo. Januari 1894 ikawa zamu ya Kabambare. Dola iliyokuja iliandika Kifaransa kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1906 ilitia saini mkataba na Vatikani uliowapa wamisionari Wakatoliki ardhi, nao wakaahidi kuendesha shule. Kuanzia hapo mlango wa karani, wa mwuguzi, wa mtu wa ofisini, ulipitia shule ya misheni, na wazazi Waislamu wa Kasongo waliogopa, kwa sababu zilizo wazi, kwamba mtoto angeingia darasani na kutoka amebatizwa. Wakawabakiza nyumbani. Mzee aliyeweza kuandika barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili safi akahesabiwa katika daftari la serikali kuwa hajui kusoma. Wajukuu wake walibeba mizigo ya wale waliokwenda shule. Jumuiya ya Kiislamu ilitambuliwa rasmi na dola mwaka 1972, na baadaye shule zake zikaingia katika mfumo wa shule zinazosimamiwa na dini chini ya mkataba na serikali. Tangu kuanguka kwa Kasongo hadi kutambuliwa huko ni karibu miaka 80.

Simlaumu mzee yule, na siwalaumu mapadri waliofundisha wengi wetu. Ninachotaka tukione ni namna jambo hilo lilivyotokea kimya kimya. Hakuna aliyetangaza kwamba watu wa Kasongo ni wajinga. Mamlaka yalihamia kwenye maandishi mengine, basi. Aliyeyajua ya zamani alibaki na elimu yake nzima mkononi, nayo ikawa haifungui mlango wowote.

Leo mamlaka yanahama tena, kwenda kwenye maandishi ya tatu, yale ya simu, na hatua zake zinaonekana. Mwaka 2011 serikali ilianza kulipa walimu kupitia benki, na kwa vijiji vya mbali malipo yakapitia shirika la Kikatoliki la Caritas, huku njia ya simu nayo ikijaribiwa. Septemba 2020 ukaja ushuru wa simu ulioitwa RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za 3G na kuendelea, ukikatwa vipande vipande kutoka kwenye inite za mtu. Nchi ilipiga kelele hadi ukafutwa mwaka 2022, lakini katika vijiji vya barabara ya Kabambare ni wangapi walijua kwa nini inite zao zilikuwa zinayeyuka? Tarehe 13 Machi 2023 ikatiwa saini Sheria ya Dijitali, ambayo pamoja na mambo mengi mazuri inamtishia kifungo anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao. Kijana wa miaka 18 wa Salamabila, kule Kabambare, anaweza kufungwa kwa kubonyeza alama ya kusambaza. Nani alimfundisha, alipokuwa na miaka 12, kwamba kubonyeza ni kusema?

Wizara haikulala kabisa, na lazima tuseme hivyo. Marekebisho ya mitaala ya sayansi yaliyoanza kuingia shuleni mwaka 2018 yaliweka teknolojia ya habari na mawasiliano katika darasa la 7 na la 8, ule mzunguko wa mwisho wa elimu ya msingi. Raïssa Malu, mwanafizikia, alishiriki kwa karibu katika kazi hiyo, na tangu mwaka 2024 ndiye waziri wa elimu ya taifa. Ni nadra mtu aliyeuandaa mtaala kupewa wizara inayoutekeleza. Lakini mtaala ukifika kwenye darasa lisilo na mashine hugeuka kuwa orodha. Mwalimu anachora kompyuta ubaoni, anaandika majina ya sehemu zake kwa Kifaransa, watoto wananakili, na siku ya mtihani wanaulizwa kutaja sehemu hizo. Mwalimu kama huyo hastahili kuchekwa. Mwaka 2018 ulimwengu mzima ulimpongeza Richard Appiah Akoto wa Ghana kwa kuchora ubaoni, kwa chaki za rangi, ukurasa mzima wa programu ya kuandikia, ili wanafunzi wake wasiingie kwenye mtihani wakiwa hawajawahi kuona kitu. Akoto alifanya alichoweza. Tatizo liko kwenye kile tunachomtaka mwalimu achore. Jina la kila kebo mtoto atalisahau. Kwa chaki ile ile anaweza kuchorewa ubaoni ujumbe wa kitapeli, neno kwa neno, na darasa zima likaufungua vipande: nani ameandika, anataka nini, kwa nini ana haraka, kwa nini anasema usimwambie mtu.

Somo hilo halihitaji umeme. Linahitaji mtoto anayeweza kusoma, na hapo ndipo jeraha letu kubwa lilipo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto 97 kati ya 100 wa Kongo wenye umri wa kama miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Septemba 2019, ilijaza madarasa, na hilo ni jambo la kushukuru kwa kuwa watoto wengi waliokuwa mashambani na machimboni waliingia. Lakini darasa la watoto 80 wenye kitabu kimoja halifundishi kusoma kwa kujaa tu. Mtoto asiyeweza kusoma aya moja ya Kiswahili akapewa simu yenye intaneti atabaki na sauti na picha peke yake, na sauti na picha ndizo silaha wanazozipenda waongo.

Tuliliona hilo Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23, na Februari ilipofuata Bukavu. Mashariki yote ya Kongo ilimiminikiwa na sauti zisizo na jina: mtu anahema, anasema ameona kwa macho yake, anataja kijiji, anaomba utume kwa wengine kumi. Nyingine zilikuwa za kweli na ziliokoa watu. Nyingine zilikuja na picha za vita vya zamani au za nchi nyingine. Kwa familia ya Kabambare, ambako barabara nyingi za biashara huelekea Kivu ya Kusini na ziwani, kuamini sauti mbaya ni kuacha shamba wakati wa kuvuna, na kupuuza sauti ya kweli ni kubaki njiani mwa bunduki. Watu wazima walipata shida kuamua. Watoto walikuwa wamekaa pembeni wanasikiliza, na mara nyingi wao ndio walioitwa kufungua ujumbe kwa ajili ya bibi.

Ndiyo maana nasema lugha ya somo hili iwe Kiswahili. Katiba yetu inakitaja kuwa moja ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa kufundishia. Madarasa ya kwanza huanza nacho, kisha Kifaransa kinaingia na watoto wengi wanapotelea hapo. Stadi za kidijitali zikiwekwa upande wa Kifaransa tu zitakuwa mali ya wachache, kama vile kalamu ya karani wa mwaka 1910.

Bahati nzuri kuna jambo lilifanyika katika lugha yetu, kwenye ncha ile ya pili ya njia ya misafara. Katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania, watoto zaidi ya 2,500 walipewa tableti kwa muda wa miezi 15 katika shindano la XPRIZE la kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Robo tatu yao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Kila kijiji kiliwekewa kituo cha sola, na mama mmoja wa kijijini akakabidhiwa vifaa, si awe mwalimu, bali avilinde na kuvichaji. Mwishoni idadi ya wasioweza kusoma neno lolote ilishuka kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Sharti la shindano lilikuwa kwamba programu za waliofika fainali ziwe wazi kwa kila mtu kuzichukua na kuzitumia bure.

Kwa hiyo zipo programu, za Kiswahili, zilizoundwa kwa ajili ya kijiji kisicho na umeme wala mtandao, na hakuna mwenye haki ya kutuzuia. Kiswahili chake ni cha pwani. Mtoto wa Kasongo anasema tofauti, na mahali pengine atacheka, pengine atakwama. Hilo ni jambo la walimu wa Kasongo kukaa chini na kurekodi sauti upya, kazi ya wiki chache kwa watu wanaojua kusoma vizuri. Sijui kwa nini hadi leo mashirika yanayokuja Maniema na mahema na madaftari hayajaja na programu hizi. Mimi ningependa kuona vijiji kumi tu vya kuanzia, vitano upande wa Kasongo na vitano upande wa Kabambare, na mama mmoja kila kijiji.

Wengine watanikumbusha Kenya. Ni kweli, serikali ya huko iliahidi kompyuta kwa darasa la kwanza katika kampeni za mwaka 2013, vifaa vikaanza kugawiwa mwaka 2016, vikazidi milioni moja, na shule nyingi zikaishia kuvifungia kabatini. Peru ilinunua kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 haukuona watoto wakizidi kujua hesabu wala lugha. Tofauti ya Tanga ilikuwa kwamba kila kilichokuwemo ndani ya kifaa kilitungwa kwa ajili ya mtoto huyo, kwa lugha yake, na kulikuwa na mtu wa kijiji anayekijali. Kifaa peke yake ni mzigo wa kulinda.

Kabambare inastahili kusemwa kwa upekee wake. Ardhi yake ina dhahabu. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 ukasimama mwaka 2019 kwa sababu ya mashambulizi na utekaji nyara, na kundi lenye silaha la Mai-Mai Malaika limeifanya nchi hiyo kuwa ngumu kwa shule na kwa kila kitu. Wachimbaji wadogo hawakusimama. Katika sehemu nyingi za mashariki dhahabu yao hupimwa kwenye mizani ndogo dhidi ya vijiti vya kibiriti na sarafu za zamani, na bei husemwa na mnunuzi. Watoto wako pale, wanaosha mchanga, wanabeba maji, wanauza sambusa, wanasikiliza.

Bei ya dhahabu duniani iko wazi kwenye intaneti kila saa ya kazi. Hutolewa kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Tuseme leo wakia moja inauzwa dola 3,110. Mtoto wa darasa la 7 anagawanya: gramu moja ya dhahabu safi ni dola 100. Dhahabu ya mtoni si safi yote. Ikiwa na usafi wa asilimia 90, gramu hiyo ni dola 90. Hapo anatoa gharama za mnunuzi, usafiri, kodi na vizuizi vya barabarani, na swali linabaki: baba alilipwa ngapi jana? Ndani ya hesabu hiyo moja kuna desimali, asilimia, kutafuta habari mahali panapoaminika, kubadili vipimo, na heshima ya familia. Mwalimu anahitaji mega chache mno za intaneti kuipata bei hiyo asubuhi na kuiandika ubaoni. Nikipewa nafasi ya kupanga mtaala wa Kabambare, somo hilo lingetangulia yote, na siogopi kwamba litawavuta watoto machimboni. Walishavutwa. Litawapa sababu ya kurudi darasani kesho yake.

Kuhusu wasichana, wazazi tuseme ukweli. Mara nyingi simu ya kwanza ya msichana hatuinunui sisi. Hununuliwa na mwanamume, na huja na deni. Picha inaombwa, kisha picha inakuwa kamba shingoni. Binti anaficha kwa sababu anajua nyumbani atapigwa yeye kabla ya kutafutwa aliyemfanyia hivyo. Shule ikifundisha namba ya siri ya M-Pesa lazima ifundishe pia kwamba picha ikitoka hairudi, kwamba anayetisha ndiye mwenye kosa, na ni nani wa kumwendea: mama mkubwa, mwalimu wa kike, sista, mke wa imamu. Na baba wasikie hilo kwenye mkutano wa wazazi, si binti peke yao. Kumnyima msichana simu hakumlindi. Kunamfanya ajifunze gizani kile ambacho kaka yake anajifunza hadharani.

Haya yote yanamwangukia mwalimu, na mwalimu wa kwetu amechoka. Wapo wanaofundisha miaka mingi bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara, hao tunaowaita walimu wapya hata wakiwa na mvi. Kuwaongezea somo bila kuwalipa ni dhuluma, na naiandika hivyo ili mkaguzi asinisome nusu. Lakini mwalimu yuko hatua moja mbele yetu, kwa kuwa naye hulazimika kupambana na ujumbe wa malipo, nambari za siri, na matapeli wanaojua tarehe ya mshahara. Mafunzo yaanze na tatizo lake mwenyewe. Mwalimu aliyejilinda yeye atajua namna ya kumlinda mtoto, na prefe, yaani mkuu wa shule, akimpa mega za wiki kutoka kwenye gharama za uendeshaji atakuwa amefanya zaidi ya semina ya siku tano Kindu, makao makuu ya mkoa.

Kuna kitu kingine cha bei ndogo ambacho sioni kikitumika vya kutosha. Programu iitwayo Kiwix inaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, kwenye kadi ndogo ya simu, isomwe bila mtandao. Kadi moja kwenye simu ya mwalimu, ikinakiliwa kwenye simu za wazazi, ni maktaba katika kijiji ambacho hakijawahi kuwa na rafu ya vitabu. Kamusi inaingia, vitabu vya sayansi vinaingia. Na tusiwe wasomaji tu, maana Wikipedia huandikwa na yeyote mwenye habari ya kweli na chanzo cha kuionyesha. Wanafunzi wa sekondari za Kasongo wanaweza kuandika juu ya Tongoni, ile Kasongo ya kale, juu ya kanisa kuu na misikiti yao, juu ya Wagenya wa mtoni. Wa Kabambare waandike yao.

Nilitaja hapo juu kwamba Livingstone aliandika aliyoyaona Nyangwe. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino uliotengenezwa kwa rangi ya mimea ya hapa, na kwa zaidi ya karne moja sehemu kubwa ilikuwa haisomeki. Kundi la wataalamu lilipiga kurasa hizo picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, kompyuta zikayatenga maandishi ya mkono na yale ya gazeti, na mwaka 2011 shajara ikawekwa kwenye intaneti, bure, kwa kila mtu duniani. Mashahidi wengine wa siku ile hawakuandika. Wajukuu wa vitukuu wao wanaishi mwendo mfupi kutoka kwenye soko hilo, wana simu mfukoni, na hakuna mwalimu aliyewaambia kwamba ukurasa huo upo, wala aliyewasomea kwa Kiswahili, wala aliyewauliza kama wazee wao wanasimulia vingine. Hilo ni somo la historia na la kidijitali kwa pamoja, nalo ni haki ya watoto wa Nyangwe kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Ombi langu kwa wizara ni dogo. Mwisho wa darasa la 8 watoto wote wa taifa hufanya mtihani wa uchaguzi na mwelekeo, Tenasosp, na kila mwalimu anajua kwamba kisichoulizwa kwenye mtihani hakifundishwi. Basi kiulizwe. Acheni kuwauliza majina ya sehemu za kompyuta ambayo hawajaigusa. Wapewe ujumbe, wapewe muda wa kuufikiria, wajibu kwa lugha wanayoifikiria. Swali la kwanza nalitoa hapa, na mtungaji yeyote ana ruhusa ya kulichukua:

Shangazi yako amepokea ujumbe huu kwa WhatsApp: "Umoja wa Mataifa unaajiri watu 500 wa Kasongo na Kabambare. Tuma dola 10 za kufungua faili kwa nambari hii kabla ya saa 12 jioni. Usichelewe. Wasambazie watu 20 uwasaidie." Shangazi ana dola 10, na ni za ada ya mdogo wako. Andika maswali matatu utakayomuuliza kabla hajatuma, kisha eleza, ukiwa kijijini na bila mega hata moja, utamwendea nani ili kujua ukweli kabla ya jioni.